Popo wa Pemba hana kwao pengine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya popo wetu wa Pemba, ambaye kila zinapozungumzwa habari za wanyama wasiopatikana pengine duniani huwa tunampita, tukamtaja kima punju wa Unguja na kuishia hapo.

Kilichonisukuma kuandika ni mwembe mkongwe uliokatwa mtaani kwetu mwezi uliopita. Mwenye shamba alitaka mbao, na mti ni wake, simlaumu. Lakini popo waliokuwa wakilala humo waliinuka jua la saa sita, wakawa wanazunguka juu ya minazi wasijue pa kutua, na baadhi ya majike walikuwa na watoto wamewang'ang'ania vifuani.

Huyu si yule popo mdogo wa darini. Akikunjua mbawa hufikia kiasi cha mita moja na nusu, uso wake ni kama wa mbweha, na chakula chake ni matunda na maua. Jamaa zake wa karibu wako Mafia, Komoro, Madagaska na hata Asia, lakini bara ya Afrika, hapo ng'ambo tu, hawapo. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Bahari ilipopungua zama za barafu Unguja iliungana na bara, Pemba ikabaki kisiwa. Ndiyo maana tunaye popo wetu, na ninga wetu, na bundi wetu.

Wazee wanakumbuka alivyowindwa kwa bunduki kwa ajili ya kitoweo, huku misitu ikifyekwa, hata mwaka 1996 akaorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Idadi yake ilipanda tena, ikapita 20,000, kwa sababu wanavijiji wenyewe, wa Kidike wakiwamo, walikubali kumlinda.

Najua watu wanasema anatumalizia maembe na mashelisheli, nami asubuhi huyakuta makapi aliyoyatema uani kwangu. Hata hivyo yeye hufuata tunda lililoiva, nasi embe la kuuza tunalichuma likiwa limepevuka tu. Na mbegu anazoziangusha usiku huotesha miti ambayo hakuna aliyeipanda.

Ninachoomba ni kidogo. Sheha aarifiwe kabla ya kukatwa mti wowote wanamolala popo, na mwenye mti apewe kifuta jasho, hata kama ni sehemu ya kiingilio wanachotoa wageni wanaokuja kuwatazama, kwani haiwezekani mtu mmoja abebe peke yake gharama ya kumtunza mnyama wa kisiwa kizima.

Katika shamba lile umebaki mwembe mmoja, na tangu Ijumaa popo wamehamia humo.

Wako,
Msomaji,
Wete, Pemba