Kompyuta ya mwangwi wa orkestra haichaguliwi kwa kadi ya picha

Mheshimiwa Mhariri,

Ukurasa wako wa teknolojia umewashauri vijana wa muziki wanunue kompyuta mpakato nyembamba yenye kadi kubwa ya picha, kwa ajili ya programu zinazowaweka wapigaji ndani ya ukumbi wa orkestra kwa kuzipa sauti zao mwangwi wa ukumbi huo. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Ninachanganya sauti za taarab hapa Unguja, na siwezi kunyamaza, kwa sababu fedha za kununulia mashine kama hiyo kwetu mara nyingi huchangwa na kikundi kizima, na ushauri ule utazipeleka pasipo na kazi.

Chumba chetu cha kurekodia ni kidogo. Fidla, kanuni, udi, akodiani na besi haviwezi kukaa humo pamoja, kwa hiyo kila mpigaji hurekodiwa peke yake, sauti kavu, mapazia mazito yamefunika kuta. Ukizisikiliza sauti hizo kama zilivyo, zote zimekubana usoni. Hakuna aliye mbele wala aliye nyuma. Programu ya ukumbi hunipa picha ya jukwaa. Fidla naziweka kushoto, kanuni mbele karibu na mwimbaji, besi nyuma kulia, na kila chombo hupata mwangwi wa pale pale kilipokaa. Programu ya MIR ya kampuni ya Vienna Symphonic Library, kwa mfano, imebeba kumbi za Konzerthaus ya Vienna, jumba la muziki lililofunguliwa mwaka 1913. Mafundi walilipima jukwaa sehemu kwa sehemu, wakitoa mlio kwenye spika na kurekodi jinsi ukumbi unavyoujibu.

Jibu hilo la ukumbi ndilo linaloielemea kompyuta. Chukua jibu la sekunde 2 tu, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, yaani vipimo vidogo vidogo ambavyo kompyuta huihifadhia sauti. Hizo ni sampuli 96,000. Kila sampuli ya fidla inayoingia inabidi izidishwe na zote hizo, na fidla inaleta nyingine 48,000 kila sekunde. Jumla inapita bilioni 4.6 za kuzidisha kwa sekunde moja, kwa mkondo mmoja wa sauti. Kinachotuokoa ni njia ya haraka ya hesabu za Fourier, zinazoigawa sauti katika masafa yake, waliyoichapisha wataalamu wa hesabu Cooley na Tukey mwaka 1965, pamoja na ufundi alioueleza mtaalamu wa sauti William Gardner mwaka 1995, wa kulikata jibu la ukumbi vipande vipande, vifupi mwanzoni na virefu baadaye, ili sauti isichelewe kutoka. Mzigo unapungua sana. Hata hivyo, kila chombo unachokipandisha jukwaani huja na mzigo wake, na ukitaka jibu la ukumbi kutoka pande zote badala ya kushoto na kulia tu, mikondo inaongezeka tena.

Anayebeba haya yote ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Programu nyingi za aina hii hazitumii kadi ya picha kupiga hesabu za mwangwi. Kadi inachora jukwaa kwenye kioo tu, na ile ndogo inayokuja ndani ya prosesa inaitosha kazi hiyo. Aliyelipia kadi ya michezo ya kompyuta amelipia kifaa kitakachokaa bure huku prosesa inahema.

Na prosesa nayo isichaguliwe kwa idadi ya viini (core), yaani sehemu zake zinazopiga hesabu kwa wakati mmoja, peke yake, kama makala ilivyofanya. Vyombo vinavyosimama mbalimbali jukwaani vinaweza kugawiwa viini mbalimbali, hapo wingi unasaidia. Lakini mwishoni sauti zote hukutana katika njia moja, na hatua za njia hiyo hufuatana: ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe. Hapo kinachohitajika ni kasi ya kiini kimoja kimoja. Ikichelewa hata hatua moja, unasikia mkwaruzo kwenye spika. Kijana mmoja mpiga fidla aliniletea mpakato wake mpya wenye viini vingi na kadi ya picha ya fahari. Kila alipoongeza chombo ukumbini ulianza mkwaruzo, na kipimo cha kadi kilionyesha haifanyi lolote.

Tulichomsaidia nacho hakikumgharimu hata senti. Programu ilikuwa imewekwa kwenye bafa, yaani fungu la sauti linaloshughulikiwa kwa mara moja, ya sampuli 64, na hapo kompyuta inapewa milisekunde 1.3 tu kumaliza kila fungu la kazi. Hiyo inamfaa anayepiga kinanda huku akijisikiliza. Wakati wa kuchanganya hakuna anayepiga, kwa hiyo bafa inaweza kuwekwa 1,024, na kompyuta ikapata milisekunde 21. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde, hivyo milisekunde 21 ni sawa na kumsikia mwenzako aliye umbali wa mita 7; mpigaji ataliona hilo, mchanganyaji hatalijali. Rekodi kwanza, ukumbi ukiwa umezimwa. Ukumbi uwashe baadaye. Kabla kikundi hakijachangishana tena, hili lijaribiwe.

Kuhusu RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, makala iliweka watu wawili tofauti kapu moja. Mtu anayetunga kwa orkestra ya sampuli, yaani violini, honi na ngoma zilizokwisha rekodiwa na kampuni, anahitaji RAM nyingi na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, maana mwanzo wa kila noti hupakiwa ndani ya RAM na sehemu inayobaki husomwa kutoka kwenye diski. Kwa huyo, gigabaiti 64 si anasa. Sisi tunaorekodi wapigaji wenye roho zao hatuna maktaba hizo za sauti zilizokwisha rekodiwa. Kilichomo kwenye RAM yetu ni majibu ya ukumbi na programu zenyewe, na gigabaiti 32 zinatutosha vizuri. Ila yeyote anayetaka Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza na M1 mwaka 2020, aamue kiasi cha RAM siku ya kununua. Haiongezeki baadaye.

Sasa nije kwenye huo wembamba. Kompyuta nyembamba ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dukani, chini ya kiyoyozi, kwa dakika chache, hutaliona. Wimbo mrefu wa taarab ukichanganywa mchana wa kaskazi, Januari au Februari, utaliona. Mimi ninafanya kazi kwa kompyuta ya mezani iliyotumika, iliyokuwa ya ofisi, yenye feni kubwa na nafasi za kuongezea RAM. Nafungua ubavu wake na kuifuta vumbi mwenyewe, jambo la lazima mahali ambapo hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Anayenunua ya namna hiyo aombe muuzaji aiachie ifanye kazi nzito walau nusu saa mbele yake, aangalie kama kasi ya prosesa inashuka, na aulize aina ya RAM inayoingia humo, kwa sababu nyingine zinatumia aina isiyopatikana madukani kwetu.

Mezani hakuna betri, hilo nakubali. Tuliokuwa Unguja tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kikiwa hakina umeme, hatuhitaji kufundishwa. Lakini mpakato nao ukichomolewa umeme kwa kawaida hupunguza kasi, na ukumbi unaanza kukwaruza, kwa hiyo betri yake inakusaidia kuhifadhi kazi, si kuendelea nayo. UPS, yaani kisanduku chenye betri ya akiba, ya kukupa dakika kumi za kuhifadhi na kuzima salama inafanya hilo hilo. Fedha iliyokusudiwa kadi ya picha itainunua, na itabaki ya hedifoni nzuri, ambazo bila hizo huwezi hata kujua kama mwimbaji amezama ndani ya ukumbi na maneno ya shairi hayasikiki.

Namwomba mwandishi wako, atakaporudi kwenye mada hii, awaambie vijana wachukue kwanza toleo la majaribio la programu wanayoitaka, waliweke kwenye kompyuta ya rafiki au ya studio ya jirani, wapandishe jukwaani idadi halisi ya vyombo vya kikundi chao, kisha watazame kipimo cha prosesa. Namba watakayoiona hapo ndiyo waende nayo dukani.

Mchanganya sauti za taarab,
Michenzani, Unguja