Kuhojiwa si mahojiano

Arua

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mvua imeanza na mihogo imeshika vizuri. Barua yako imenifikia pamoja na rasimu ya kipeperushi cha haki za mtu aliyekamatwa. Umeuliza lile neno la Kiingereza, interrogation, yaani polisi kumuuliza maswali mshukiwa, lifasiriwe vipi. Wewe umeandika "mahojiano". Nakuomba ulitoe.

Mwaka jana niliitwa kituo cha polisi kumtafsiria mama mmoja, muuza samaki wakavu. Alikaa kwenye benchi, mikono ameifumbata mapajani, akaulizwa kwa muda mrefu: ulikuwa wapi, nani alikuona, mbona ulinyamaza. Mwishoni maelezo yake yakasomwa ili aweke dole gumba. Nikaanza na kichwa cha karatasi: "Mahojiano na mshukiwa." Akanishika mkono, wino umeshamkolea kidoleni. "Mwanangu, mahojiano? Mimi sikumuuliza mtu kitu."

Usiku ule sikupata usingizi. Neno hilo limejengwa kwa kauli ya kutendana: wanaopigana kila mmoja ana ngumi, wanaohojiana kila mmoja ana swali. Mtangazaji wa redio na mgeni wake, hayo ndiyo mahojiano. Mgeni akichoka anaaga na kwenda zake. Yule mama angemuaga nani? Hata sisi Waislamu tukimzika mtu tunasema ataulizwa na malaika Munkari na Nakiri. Sijasikia shehe akisema wana mahojiano kaburini.

"Usaili" nao hapana, ndugu zetu wa Tanzania watadhani ni wa kuomba kazi. "Kubanwa kwa maswali" kuna ukweli wake, ila kunamhukumu askari kabla hajafungua mdomo. Na lile neno la Kiingereza lenyewe, mzizi wake wa Kilatini ni kuuliza tu. Ukali limeupata katika vyumba vya polisi.

Tumia kitenzi, na anayeuliza aonekane: "Polisi wakikuhoji." Kisha weka yale ya Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23: mtu aelezwe sababu ya kukamatwa na haki yake ya kuwa na wakili, kwa lugha anayoielewa, na asipoachiliwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Hayo maneno "kwa lugha anayoielewa" ndiyo yaliyonipeleka kwenye benchi lile. Usisahau sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso, kwamba maneno aliyotoa mtu kwa kuteswa hayapokelewi kama ushahidi dhidi yake. Mateso yaite mateso. Ukiandika "mahojiano makali" utakuwa umeyatandikia shuka.

Najua hapo Kampala wazee wengi wakisikia Kiswahili bado wanasikia sauti ya askari wa zamani aliyewaamrisha kwa lugha hiyo kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa ajili yao ongeza mstari huu, kwa herufi kubwa kama nafasi ipo: "Nawe uliza: nimekamatwa kwa kosa gani?" Yule mama hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuuliza. Hata mimi, niliyekaa karibu naye kuliko wote, sikumwambia.

Nitumie rasimu ya pili kabla hujaipeleka kwa mpiga chapa. Nisalimie mama na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako