Uzito wa trela tupu unawapotosha wanunuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotaka kununua trela la kulala safarini, na pia wanaoyatangaza matrela hayo gazetini mwako. Matangazo mengi hutaja uzito wa trela likiwa tupu. Mnunuzi akiona trela lina kilo 1,800 na gari lake linaruhusiwa kuvuta kilo 2,500, anatoa fedha. Hesabu hiyo ni ya hatari.

Hakuna anayesafiri na trela tupu. Uzito unaotangazwa mara nyingi hauhesabu betri, mitungi ya gesi, vyombo, matandiko wala maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa limeongeza kilo 150. Tafuta kibao cha mtengenezaji kwenye trela, usome uzito wa juu unaoruhusiwa likishapakiwa, ununue kwa hesabu hiyo. Ushauri wangu ni kwamba usizidi asilimia 80 ya uwezo wa gari kuvuta, maana milima, joto na upepo wa mbele hulemea injini na giaboksi.

Lakini wengi hukwama kwingine: gari huishiwa uwezo wa kubeba kabla ya kuishiwa uwezo wa kuvuta. Trela la mtindo wa Marekani linatakiwa kuegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye kiungio cha gari. Trela la kilo 2,300, kwa asilimia 12, linaweka kilo 276 nyuma ya gari. Kama gari limeruhusiwa kubeba kilo 550, zimebaki 274. Watu wanne wa kilo 70 ni 280. Limeshazidi, na buti bado halina hata begi moja! Springi za nyuma zitashuka, magurudumu ya mbele yatapungukiwa mshiko, usukani utakuwa mwepesi na breki hazitakamata inavyopaswa. Vyuma vya kusawazisha uzito husogeza sehemu ya mzigo kwenda ekseli ya mbele, ila haviongezi uwezo ulioandikwa na mtengenezaji wa gari. Muuzaji anayesema vinginevyo anakosea.

Wapo wanaohamishia mizigo nyuma ya trela ili kupunguza uzito wa shingo, yaani ule unaoegemea kwenye kiungio cha gari. Wasifanye hivyo kabisa. Shingo ikiwa nyepesi kupita kiasi, trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na mwendo ukiwa mkubwa linaweza kulipindua gari. Uliza pia tangi la maji liko wapi. Likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza kunainua shingo. Matrela ya Ulaya hutengenezwa kwa shingo nyepesi zaidi, na magari mengi ya huko huruhusu kilo 75 hadi 100 tu kwenye kiungio. Soma kiwango cha kiungio chako, usikisie.

Kupima ni rahisi. Peleka gari kwenye mizani ya magari likiwa na abiria na mafuta. Kisha unganisha trela, magurudumu yake yakibaki nje ya mizani, upime tena. Tofauti ndiyo uzito wa shingo.

Kuhusu ubora, usidanganywe na makochi. Kanyaga sakafu karibu na mlango na chini ya madirisha: ikibonyea, maji yameshaozesha mbao. Ukuta uliovimba ni dalili ileile. Panda ngazi ukague maungio ya paa, kisha lala chini uangalie nyufa kwenye weldingi za fremu. Tairi nazo zina tarakimu nne za tarehe. 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Zikipita miaka sita, badilisha hata kama kashata zake bado nzima.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba tangazo la trela lisipokelewe bila kutaja uzito wa juu likishapakiwa, uzito wa shingo na mwaka wa tairi.

Msomaji wako