Mpwa wangu, usiirudishe hiyo saa bado

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na picha nimeitazama kwa makini: kasha dogo la mtindo wa miaka ya 1950, kioo kilichovimba katikati, tarakimu za rangi ya maziwa, na uso uliogawanywa mara 24 badala ya 12. Unasema saa ni nzuri ila haisomeki, na unafikiria kuirudisha. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi hununua saa ya namna hii kwa kupenda sura yake, kisha huivua ndani ya siku tatu kwa sababu hiyo hiyo yako. Macho yako ni mazima, na huenda saa nayo ni nzima. Unaisoma kwa mazoea ya saa nyingine tu.

Kwenye saa ya kawaida mshale mfupi huzunguka mara mbili kwa siku, nyuzi 30 kila saa. Kwenye yako huzunguka mara moja, nyuzi 15 kila saa. Mshale wa dakika haukubadilika hata kidogo. Kwa hiyo saa hizi mbili hufanana mara moja tu kwa siku, saa sita kamili usiku, mishale yote ikiwa imeelekea juu. Muda mwingine wowote, jicho la haraka litakudanganya. Saa 14:10, yaani saa nane na dakika kumi mchana, mshale mfupi unakuwa karibu kabisa na mahali ambapo saa ya kawaida ina tarakimu 7, na wewe unajikuta umesoma saa moja na dakika kumi.

Dawa yake ni kuacha kutafuta tarakimu kwanza. Vuta mstari wa kufikirika kutoka 6 hadi 18. Kwenye saa yako, yenye 24 juu, 6 iko kulia na 18 iko kushoto. Mshale mfupi ukiwa chini ya mstari ni mchana, ukiwa juu yake ni usiku. Anza hapo kila mara.

Sasa tazama jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mstari huo ndio mahali hesabu ya Kiswahili inapoanzia. Mshale ukiivuka 6 kuteremka, unahesabu moja asubuhi, mbili, tatu. Ukifika chini kabisa, penye 12, ni saa sita mchana. Ukipanda hadi 18 ni kumi na mbili jioni, na ukivuka unaanza upya, moja usiku. Kwangu mimi uso huu unaifaa lugha yetu kuliko ule wa 12, ambao tumejizoeza kuusoma kwa kutazama tarakimu iliyo mkabala. Hiyo tabia ya mkabala iache kabisa hapa. Mkabala wa 7 ni 19, ambazo ni saa moja asubuhi na saa moja usiku. Ukihitaji hesabu, ni hii: kuanzia 7 hadi 18 toa 6, kuanzia 19 hadi 24 toa 18, kuanzia 1 hadi 6 ongeza 6. Baada ya wiki mbili hutaihitaji tena, mradi usibadilishane na saa nyingine katikati. Anayevaa hii leo na ile kesho haizoei yoyote.

Dakika zina mtego wake. Mshale mrefu ukielekea 6 ni dakika 15, ukielekea 12 ni dakika 30, ukielekea 18 ni dakika 45. Alama moja ya saa ni sawa na dakika mbili na nusu, kwa hiyo tarakimu kubwa hazikusaidii chochote kwenye dakika, zinakupoteza. Soma dakika kwa mahali mshale ulipo, kama ulivyofanya siku zote, au kwa mistari midogo ya pembeni. Uso usiokuwa na mistari 60 ya dakika iliyotenganishwa na tarakimu za saa, mimi nisingemshauri mtu aununue, hata uwe mzuri vipi. Wako unayo, nimeiona.

Nafasi nayo ni finyu. Tarakimu zikipangwa kwenye duara la upana wa milimita 24, kati ya moja na nyingine kuna milimita 3 hivi. Saa 14:50 mshale unakaribia kuigusa 15. Kanuni ni kusoma tarakimu iliyokwisha kupitwa, kisha kuilinganisha na mshale mrefu: dakika zikiwa zimezidi 30, mshale mfupi lazima uwe umevuka nusu ya nafasi yake. Mishale hiyo miwili isipokubaliana, hapo sasa tatizo ni la saa, na hapo ndipo nataka utulie nami.

Kwenye saa ya kawaida, mshale mfupi ukifungwa kwa kupinda nyuzi 3, kosa lake ni la dakika 6 na watu wengi hawaligundui. Kwenye uso wa 24, nyuzi 3 hizo hizo ni dakika 12. Fundi aliyezoea kufunga mishale kwa makadirio anaweza kukuharibia saa nzuri bila kujua. Jaribio ni rahisi. Vuta kitufe cha pembeni hadi hatua ya kurekebisha mishale, zungusha kwenda mbele mpaka mshale mrefu ufike dakika 60, yaani juu kabisa, kisha tazama kutoka juu moja kwa moja. Ukitazama kwa upande, kioo kilichovimba hukuhamishia mshale. Mshale mfupi uwe katikati ya alama yake. Fanya hivyo mshale mfupi ukiwa kwenye 6, 12, 18 na 24. Mshale huo ukikosea kwa kiasi kile kile na upande ule ule pote, mshale ulifungwa vibaya: fundi ataung'oa na kuufunga upya, kazi ndogo. Ukikosea kwa kiasi tofauti kila mahali, huenda uso wenyewe haukukaa katikati, na hilo ni la muuzaji. Mshale kucheza kidogo unapogeuza kitufe mbele na nyuma ni kawaida, ni nafasi iliyopo kati ya meno ya magurudumu. Ndiyo maana unamaliza kurekebisha ukienda mbele, si ukirudi nyuma.

Ipo kasoro nyingine inayofanana na hiyo lakini si hiyo: mshale wa sekunde unatembea vizuri, ila mishale ya saa na dakika inabaki nyuma. Hapo ile bomba ndogo yenye meno inayobeba mshale wa dakika imelegea na inateleza kwenye mhimili wake. Usimwache mtu akuuzie mashine mpya kwa ajili hiyo. Hukazwa.

Ukiwa bado umevuta kitufe, fanya jaribio la uhalali. Zungusha mshale mrefu duara moja kamili: mshale mfupi usogee alama moja, si mbili. Chini ya uso kuna magurudumu yanayopunguza mwendo kutoka mshale wa dakika hadi wa saa. Kwenye mashine ya kawaida yanapunguza mara 12, kwa mfano mara 3 halafu mara 4; kwenye yako yanapaswa kupunguza mara 24, kwa mfano mara 4 halafu mara 6. Kwa hiyo huwezi kuchukua mashine ya kawaida, ukabandika uso wa 24 juu yake, ukapata saa ya kweli. Wapo wanaofanya hivyo, hasa kwenye saa kuukuu zilizoungwa kwa vipande. Saa ya namna hiyo, ukiianzisha sawa usiku wa manane, saa sita mchana itakuwa imerudi kwenye 24. Hiyo haina tiba, irudishe.

Usiichanganye pia na saa zenye mshale wa nne kwa ajili ya muda wa nchi nyingine. Hizo zina uso wa 12, na ni ule mshale wa ziada tu unaozunguka mara moja kwa siku.

Uliniuliza kwa nini wengine huweka 12 juu. Saa maarufu ya ukutani penye lango la kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, iliyowekwa mwaka 1852, ina sifuri juu, na saa sita mchana mshale wake wa saa unaelekea chini kabisa. Wanaopendelea 12 juu wanataka mshale ufuate jua: huchomoza kushoto, hufika juu adhuhuri, hushuka kulia. Nakiri kwamba mpango huo unapendeza zaidi akilini, na mstari wa 6 na 18 unakuwa kama upeo wa macho. Lakini ukishazoea mmoja, baki nao. Kuhamia mwingine ni kujifunza upya.

Mtindo huu haukuzaliwa kwa mapambo. Kampuni ya saa ya Glycine ilitoa saa iitwayo Airman mwaka 1953 kwa ajili ya marubani, ikiwa na uso wa 24 na pete ya nje inayozunguka. Tarehe 24 Mei 1962, mwanaanga Mmarekani Scott Carpenter alizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo cha anga Aurora 7 akiwa na saa ya Breitling yenye uso wa 24, kwa sababu huko juu jua huchomoza na kuzama kila baada ya dakika 90 hivi, na kutazama nje hakukuambii kama ni mchana au usiku wa huku chini. Kwa sababu hiyo hiyo kampuni ya Raketa, ya Petergof nchini Urusi, ilitengeneza saa kama hizi kwa watafiti wa maeneo ya ncha za dunia, ambako mwanga au giza hudumu kwa miezi.

Saa ya Carpenter iliharibiwa na maji ya bahari baada ya kutua, na hilo linanileta kwenye yako. Nyuma imeandikwa mita 30. Usiogelee nayo. Maandishi hayo maana yake ni matone ya mvua na kunawa mikono, basi. Sili za mpira huzeeka. Fundi akifungua mgongo, mwombe abadilishe sili kabla ya kufunga.

Kioo chako kinaonekana ni cha akriliki, yaani plastiki ngumu. Kitachubuka, na kinasafishika: bandika utepe kuzunguka kasha, weka tone la dawa ya kung'arisha plastiki, sugua kwa pamba kwa mizunguko midogo dakika tatu hadi tano, futa, rudia kama bado. Usikipake spiriti, maana akriliki hupasuka nyufa nyembamba. Kama ni cha safaya, hiyo dawa haifanyi kitu, wala hutaihitaji.

Rangi ya maziwa kwenye tarakimu ni ya kuigiza uzee, na kwa usalama ni afadhali. Saa halisi nyingi za wakati huo zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, ambayo huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Mng'aro wake umekufa siku nyingi, lakini sumu bado ipo. Ukipewa ya kweli, usiifungue mwenyewe.

Kama ni ya kutia ufunguo, itie kila asubuhi, muda ule ule, mpaka usikie inakataa, ikikataa, acha. Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, shaka ya kwanza ni sumaku kutoka spika au kifuniko cha simu: springi nyembamba ya ndani inagandana. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kwa sekunde chache.

Tarehe usiibadilishe kwa njia ya haraka mshale mfupi ukiwa kati ya 21 na 3, kwani meno ya kubadilisha tarehe huwa yameshashikana na unaweza kuyavunja. Hapa saa yako inaishinda ya kawaida: eneo la hatari unaliona, ni lile la juu, na huhitaji kubahatisha kama ni asubuhi au usiku.

Pete ya nje, ukija kununua yenye nayo, hutumika hivi: ukiwa mahali palipotangulia saa ya kimataifa kwa saa 3, geuza 24 ya pete ikae mkabala na 3 ya uso. Mshale ule ule mmoja utakusomea muda wa hapo kwenye uso, na wa kimataifa kwenye pete. Kuhusu kuitumia saa kama dira kwa msaada wa jua, kaskazini ya mbali unauelekeza mshale mfupi kwenye jua na 12 inaonyesha kusini. Karibu na ikweta usijaribu. Jua likiwa utosini mbinu hiyo haina maana.

Sasa nenda kafanye lile jaribio la 6, 12, 18 na 24. Piga picha nne, simu ikiwa juu ya kioo sawasawa, mshale mrefu ukiwa kwenye 60 kila mara, unitumie kabla hujaifunga kwenye boksi lake.

Mjomba wako