Kambi za uigizaji za Juni zisiliwe na onyesho la mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kambi za uigizaji zinazofanyika shule zikifungwa mwezi Juni, hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi. Kambi hizi ni jambo jema, na zizidi. Ninalolalamikia ni moja: wiki 2 au 3 ambazo vijana wamepewa wajifunze zinaliwa zote na mazoezi ya igizo moja la kumwonyesha mgeni rasmi siku ya kufunga. Siku ya kwanza kijana anapewa nafasi ya baba mlevi, ya pili anakariri, kuanzia ya tatu anarudia kile kile hadi mwisho. Anarudi nyumbani sauti imekauka, anajua maneno ya mtu mmoja tu, na kosa aliloingia nalo amelirudia mara 50 mpaka limeota mizizi.

Huko Ulaya vyuo vya maigizo navyo hutumia kiangazi kwa mafunzo mafupi ya kukaza. RADA ya London, iliyoanzishwa mwaka 1904, ni mojawapo. Kwetu ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni kule Bagamoyo, lakini mwanafunzi wa sekondari wa Newala au Nachingwea hafiki huko mpaka amalize shule, na kwa wengi hata baada ya hapo ni ndoto. Kambi ya likizo ndiyo darasa lake pekee, kwa hiyo kila siku inayopotea hairudi.

Wiki 3 zenye siku 6 za kazi ni siku 18. Siku 10 za kwanza pasiwe na igizo kabisa. Asubuhi iwe ya pumzi, sauti na mwili. Alasiri iwe ya vipande vifupi vya watu wawili wawili.

Pumzi ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Mwanafunzi alale chali kwenye mkeka, magoti yameinuka, kitabu kizito kimekaa juu ya kitovu. Avute hewa kwa pua kwa hesabu 4, kitabu kiinuke; aitoe kwa “sss” nyembamba isiyokatika kwa hesabu 8, na kila siku aongeze kidogo mpaka afike 20. Mwalimu atazame mabega. Mabega yakipanda na kitabu kikatulia, hewa inaishia kifuani, na huyo ndiye atakayepiga kelele jukwaani akidhani anatoa sauti. Baada ya hapo ni kuvuma “mmm”, midomo imegusana na meno yameachana, hadi asikie mtetemo puani, kisha afungue: maa, mee, mii, moo, muu. Dakika 20 kila asubuhi, kabla ya neno lolote la igizo.

Kiswahili chenyewe kina mitego. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ya mwisho humezwa kirahisi pumzi inapokwisha. Lakini hasara kubwa iko mwanzoni mwa neno: “h” ikidondoka, “hatakuja” imekuwa “atakuja”, na aliyekaa safu ya nyuma anafuata kisa kingine kabisa. Irabu zisipopewa nafasi yake, “amemuoa” husikika “amemuua”. Dawa yake ni kuwaweka vijana wawili hatua 20 mbali, wasemeshane polepole bila kupaza, na anayesikiliza arudie alichosikia. Asiporudia sawasawa, kosa ni la msemaji. Ama “l” na “r” kwa waliokulia kwenye Kimakonde au Kimwera, lisiwe jambo la kuchekana. Tunataka mwigizaji aweze kutofautisha “kula” na “kura” anapohitaji, na abaki na lafudhi ya nyumbani anapoigiza mzee wa Tandahimba.

Juni pia ni kusi. Wengi wetu tunafanyia mazoezi nje, na alasiri upepo wa baharini hukaza. Waigizaji wasimame upande upepo unakotoka, watazamaji wakae unakoelekea; hapo upepo unabeba sauti. Ukigeuza, kijana atapambana na upepo mpaka koo lichubuke. Wenye ukumbi wa bati na kuta za saruji wana tabu nyingine: ukiwa mtupu, sauti inagonga ukuta wa nyuma na kurudi juu ya neno linalofuata. Tundikeni vitenge na mikeka kwenye ukuta huo, na msemaji apunguze mwendo.

Sauti ikishakauka, watu hukimbilia tangawizi na asali. Hupoza koo, sikatai, ila hazigusi nyuzi za sauti, kwa sababu chakula na maji hupita njia yake na hewa njia yake. Kinachosaidia ni kunywa maji siku nzima na kunyamaza. Kunyamaza maana yake si kunong'ona. Kunong'ona kwa nguvu kunazikaza nyuzi hizo. Kijana akae nje ya mazoezi siku 2, afanye ya mwili tu. Ukavu ukipita wiki 3, apelekwe kwa daktari.

Nije kwenye maneno. Stanislavski wa Urusi, mmoja wa waanzilishi wa Moscow Art Theatre mwaka 1898, aliwafundisha waigizaji kuuliza mhusika anataka nini na nini kinamzuia. Swali hilo ni la manufaa kuliko maelekezo ya “sema kwa hasira”. Chukua mke anayemwambia mumewe, aliyetoka kuchukua malipo ya korosho: “Umerudi.” Neno moja tu. Ukimwambia msichana awe na hasira, utapata uso uliokunjwa na sauti ya juu. Muulize anataka nini. Anataka fedha ziwekwe mezani kabla ya shemeji kufika. Basi ajaribu kumpima mume kwa neno hilo, halafu ajaribu kumtega, halafu kumbembeleza. Utasikia “Umerudi” tatu zisizofanana, na hakuna iliyohitaji kelele. Kila kijana aandike kwa penseli pembeni ya kila mstari kitenzi cha anachomfanyia mwenzake, si jina la hisia. Penseli, kwa sababu kesho atakifuta.

Kukariri nako kuna namna. Anayekariri kwa madaha hukariri na madaha yake, na mwenzake akibadilika yeye hawezi kubadilika. Akariri kwa sauti bapa, akifagia au akipepeta mchele, mpaka maneno yatoke bila kuyatafuta. Wengi siku hizi huja wakiwa na mazoea ya klipu za simu, ambako uso umejaa kioo kizima na kukonyeza kidogo kunatosha. Mwambie asimame safu ya nyuma ajitazame kwa macho ya aliye kule. Ataelewa kwa nini bega na mguu lazima viseme.

Kwa hilo la mwili tuna hazina. Mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, amefunikwa kichwa kizima, na bado unajua huyu ni mzee, huyu ni mwanamke mwenye maringo. Mapiko yana wenyewe na yamefungamana na jando, kwa hiyo wazee waombwe ruhusa kabla ya kuwaita vijana kuyatazama. Darasani inatosha kufunga uso kwa kanga nyepesi na kuigiza kupokea taarifa ya msiba bila neno.

Kuna jambo la hatari ambalo sitalipitia haraka: kofi. Katika maigizo yetu ya ndoa kofi halikosekani, na vijana huambiwa “piga tu, isionekane ya uongo”. Kofi la kweli sikioni laweza kutoboa ngoma ya sikio. Kofi la jukwaani halimgusi mtu. Wasimame mbali kiasi kwamba mkono ulionyooshwa haufiki usoni. Wapeane macho; anayepigwa ndiye anayetoa ishara ya kuanza. Mpigaji awape watazamaji mgongo ili nafasi iliyopo isionekane, na mlio autoe anayepigwa, kwa kugonganisha viganja chini ya kifua huku kichwa kikigeuka. Warudie polepole mara 10 kabla ya kuongeza mwendo. Tendo lolote la kushikana, hasa kati ya msichana na mvulana, lipangwe hivyo hivyo hatua kwa hatua, wote wawili wakiwa wamekubali, na mlezi wa kike awepo mazoezini na bwenini.

Idadi isizidi 16 kwa walimu wawili. Alasiri ya dakika 160 ikigawiwa vijana 40, kila mmoja ana dakika 4. Wakiwa 16, ana 10, na ndani ya dakika 10 mtu anaweza kukosea, akarekebishwa na akarudia. Sakafu ya saruji inaumiza magoti, basi kazi ya kuruka na kuanguka ifanyike kwenye udongo ulioshindiliwa, na shibe ya ugali isubiri hadi mazoezi ya mwili yaishe.

Siku ya 18 liwe darasa la wazi. Wazazi waone pumzi, waone kosa likirekebishwa, kisha vipande vya dakika 4 vyenye meza moja na viti viwili. Wafadhili waelezwe mapema kwamba hotuba ni dakika 10 na zinakuja baada ya vijana. Mwigizaji aliyepasha mwili moto saa 9 akikalishwa kusikiliza hotuba hadi saa 11, anaingia jukwaani misuli imepoa na pumzi imerudi kifuani.

Mwalimu wa sanaa za maonyesho,
Mikindani, Mtwara.