Farasi wa mlimani apimiwe mzigo kabla ya mgeni kupanda

Mhariri,

Wageni wanaotaka kutazama kaldera ya Menengai (shimo kubwa la volkano), msitu wa Eburru au vilima vya Cherangani wakiwa juu ya farasi huuliza bei na muda wa safari. Swali linaloamua kama mnyama atarudi mzima haliulizwi: anabeba kilo ngapi? Sisi tunaofanya kazi na farasi wa kupandwa hapa Nakuru tunaomba nafasi tulijibu, maana likizo zikifika kila farasi anayesimama hutafutiwa mtu wa kumpanda.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni asilimia 20 ya uzito wa farasi. Hapo hesabu mgeni, nguo na viatu vyake, chupa ya maji, tandiko na blanketi la chini yake. Mwaka wa 2008 watafiti wa Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ya farasi wanane waliobebeshwa asilimia 15, 20, 25 na 30. Mizigo ya 25 na 30 ilipandisha mapigo ya moyo zaidi, na ule wa 30 ukaacha misuli ya mgongo imekaza na kuuma. Hao hawakuwa wakipanda mlima. Ukingo wa Menengai uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na njia ni ya kupanda na kushuka, kwa hiyo sisi tunashikilia asilimia 15, au 17 kwa farasi aliyezoea kazi na mwenye mgongo imara.

Si lazima kuwa na mzani wa ng'ombe. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kifua cha farasi nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha upime urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Mzunguko wa sentimita 160 na urefu wa 140 hutoa kilo 300 hivi, ambao ni uzito wa kawaida wa farasi wadogo wenye damu ya Kisomali. Asilimia 20 yake ni kilo 60. Ondoa kilo 10 za tandiko na vifaa vyake, mgeni anabakiwa na 50. Watu wazima wengi wamevuka hapo hata kabla ya kuvaa viatu. Farasi wa kilo 450 ndiye anayeweza kumbeba mtu wa kilo 70 tambarare bila shida, na huyo naye mlimani apewe mwepesi zaidi.

Mzani wa bafuni ukiwekwa mahali pa kulipia, nyuma ya pazia, hakuna anayeaibishwa. Kuangalia mtu kwa macho na kusema "huyu ni mwembamba" hakufai kitu. Makosa ya kilo 10 au 15 ni ya kawaida.

Baada ya uzito ni tandiko. Likiwa limekaa sawa, vidole viwili au vitatu vinapita kati yake na mfupa wa juu ya mabega hata mtu akiwa ameketi, na ukichungulia kwa nyuma unaona mwanga ukipenya juu ya uti wa mgongo. Baada ya safari livue utazame jasho. Mgongo uliolowa sawasawa ni habari njema. Baka kavu katikati ya jasho linaonyesha kwamba pale tandiko limebana hadi ngozi haikuweza kutoa jasho, na siku chache mbele linaweza kuwa kidonda. Vidonda vya namna hiyo vikipona, nywele huota nyeupe. Mgeni asiyejua lolote kuhusu farasi anaweza kuangalia jambo hili moja: mabaka meupe mgongoni na mahali pa mkanda wa tumbo. Akiyaona kwa farasi mmoja, pengine ni mambo ya zamani. Akiyaona kwa farasi wote, aende kwingine.

Mkanda wa tumbo hukazwa mara tatu: wakati wa kutandika, kabla tu ya mgeni kupanda, na baada ya dakika 10 hadi 15 za mwendo, kwa sababu farasi hujaza pumzi anapotandikwa na blanketi nalo hulala kadiri mnavyokwenda. Wanaoruka mara hii ya tatu ndio ambao wageni wao huzunguka na tandiko hadi ubavuni kwenye mpando wa kwanza.

Watu huogopa kupanda mlima, lakini kuteremka nako kuna hatari zake. Farasi akisimama tambarare, miguu yake ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake, na mteremko huongeza. Tandiko nalo huteleza mbele na kugandamiza mabega ambayo yanatakiwa yacheze. Dawa yake ni mkanda unaopita chini ya mkia kulizuia, ulainishwe na usafishwe, la sivyo huchubua. Wakati wa kupanda, mkanda wa kifuani huzuia tandiko lisirudi nyuma. Mgeni aambiwe aketi wima, visigino chini, mikono isogee mbele ili farasi apate shingo yake yote ya kujipimia hatua. Wengi hulala nyuma kabisa wakidhani wanamsaidia, kumbe wanaukandamiza mgongo wa chini usio na mbavu za kuushikilia. Teremko kali lishukwe moja kwa moja: farasi akiteleza akiwa amenyooka huketi kwa miguu ya nyuma, akiteleza akiwa mshazari huanguka kwa ubavu juu ya mguu wa mtu. Mahali ambapo mwongozaji mwenyewe angeshika mti ili ashuke, wageni wote washuke watembee.

Ndani ya Menengai kuna miamba ya lava na vipande vya mawe meusi kama kioo. Kila mnaposimama, inua kwato na uzichokore. Jiwe dogo lililokaa saa moja kwenye nyama laini ya ukwato linaweza kumlaza farasi wiki nzima. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane. Mkisimama, hesabu mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne. Akipumzika huwa 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya robo saa ya kupumzika yakiwa bado juu ya 64, safari ya farasi huyo imekwisha. Legeza mkanda na umrudishe kwa mkono.

Ngurumo za alasiri ukanda huu wa magharibi zinajulikana. Ondokeni saa moja asubuhi, muwe mmerudi kabla ya saa saba. Kofia ya bodaboda haifai: ni nzito na huziba masikio, mgeni hasikii anachoambiwa. Viatu viwe na kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye kikuku (chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko) ukanasa.

Na wale wanaotaka kuwateremsha farasi hadi Kisumu kwa ajili ya wageni wa ziwani, wafikirie tena. Homa ya farasi ya Afrika huenezwa na visubi, ambao huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri na hupenda mabonde yenye joto na maji. Pundamilia huibeba bila kuugua, kwa hiyo hata sisi wa Nakuru na Naivasha hatuko salama. Chanjo ya kila mwaka ni lazima, na kabla jua halijatua farasi wawe ndani ya zizi lenye wavu. Bonde la Lambwe lina mbung'o pia. Huko tusiwapeleke kabisa.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tayari inakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi. Tunaiomba kaunti, pamoja na Shirika la Huduma za Misitu pale njia zinapopita msituni, waandike kwenye kila kibali vitu vitatu: mzani mahali pa kulipia, uzito wa kila farasi ukiandikwa upya kila baada ya miezi mitatu, na kilo za juu kabisa anazoruhusiwa kubeba zikiwa zimebandikwa kwenye mlango wa zizi lake. Mgeni aliyezidi apewe farasi mkubwa zaidi, au arudishiwe pesa zake zote hapo hapo, kabla msafara haujaondoka.

Waongoza wageni kwa farasi,
Nakuru