Ile barua yako ya kuacha kazi

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Halima,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mtoto kikohozi kimemwachia.

Barua yako nimeisoma kwenye matatu, nikairudia nyumbani. Umeandika "I humbly request to tender my resignation." Hapo nimekwama, dada. Unaomba nini? Hilo "tender" lina asili ya Kilatini, lenye maana ya kunyoosha: unanyoosha mkono na kumkabidhi mtu kitu. Tenda za kaunti tunazoziona magazetini ni neno hilohilo, mtu anatoa bei yake. Mahakamani mawakili hulitumia wanapotoa vielelezo, na anayetaka radhi rasmi huweza kusema "tender an apology". Kote huko ni kutoa. Likizo ndiyo huombwa.

Nakuambia hivi kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa karani kule Industrial Area niliandika "humbly request" kama wewe, nikidhani ndiyo adabu. Bosi aliirudisha na maneno mawili ya biro nyekundu, yameandikwa kwa kukingama juu ya sahihi yangu: ombi limekataliwa. Nami nikaamini! Nilikaa miezi miwili zaidi.

Kwa hiyo andika: "I hereby tender my resignation as cashier." Hilo "hereby" ni "kwa barua hii", maana yake karatasi yenyewe ndiyo tendo. Halafu siku yako ya mwisho, basi. Lakini ni Kiingereza cha barua. Ukiwaaga wenzako kaunta, "I've resigned" inatosha.

Na kama wataka, iandike kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mimi nalipenda sana neno letu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Kujiuzulu, unajiondoa mwenyewe. Hakuna anayeombwa ruhusa hapo.

Kuhusu notisi, angalia kwanza mkataba wako. Kama haukutaja muda mrefu zaidi, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa anayelipwa kwa mwezi siku 28, na notisi iwe ya maandishi.

Toa nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa tarehe waliyoipokea. Usiondoke pale mapokezi bila muhuri huo, hata wakikuambia urudi kesho. Nitakupigia Jumatano usiku unisomee ulivyoiandika upya.

Wako,
Rehema